Piga Msuli Mara Mbili: Mwongozo wa Kijana wa Masanze Anayetaka Cheti na Raga

Mwanafunzi wa chuo Tanzania akikwambia "jana nimepiga msuli mpaka saa nane", usimtazame mikono. Anamaanisha alikesha na madaftari. Kwenye raga msuli ni msuli kweli: wa paja, wa shingo, wa mgongo. Mwongozo huu ni wa anayetaka kupiga yote mawili kwa mwaka mmoja.

Ninayemwandikia ni kijana wa Masanze, kata ya Wilaya ya Kilosa, upande wa kwenda Mikumi. Tuseme anasoma ufundi VETA Mikumi, au yuko Ilonga kwenye ualimu au kilimo, au amepata nafasi chuo kikuu, SUA au Mzumbe. Moyoni anataka jezi ya timu ya taifa ya vijana, katika mchezo ambao majirani zake wengi hawajawahi kuuona ukichezwa. Watamcheka, kisha wakishamaliza kucheka watamuuliza mbona mpira wenyewe una umbo la yai. Mimi namwambia inawezekana, na hizi ndizo hatua.

Hatua ya kwanza: Nenda nyumbani na ushahidi

Ukitamka chuo na raga katika sentensi moja, swali la kwanza litakuwa: nani alishaweza? Usijibu kwa hamasa. Jibu kwa majina.

Taja Humphrey Kayange wa Kenya. Alisoma kemia Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa nahodha wa timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba, na mwaka 2021 akaingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mdogo wake, Collins Injera, alikuwamo uwanjani Singapore tarehe 17 Aprili 2016, Kenya ilipoifunga Fiji 30 kwa 7 na kutwaa kombe la mashindano ya huko. Fiji kwenye raga ya saba ni kama Brazil kwenye soka, kwa hiyo ukitaja matokeo hayo, yataje polepole.

Taja Jamie Roberts wa Wales. Mwaka 2009 alikwenda Afrika Kusini na kikosi cha British and Irish Lions, akachaguliwa mchezaji bora wa mfululizo wa mechi zile, naye bado alikuwa mwanafunzi wa udaktari Chuo Kikuu cha Cardiff. Alianza chuo 2005 na kuhitimu 2013. Udaktari huko kwa kawaida ni miaka 5. Yeye, pamoja na shahada ya sayansi ya michezo aliyoiongeza katikati, alitumia 8. Shikilia tarakimu hiyo, tutairudia.

Wasichana, nanyi mna ushahidi wenu. Kenya Lionesses walicheza Olimpiki ya Rio, na wakacheza tena ile ya Tokyo.

Ukishawataja, sema pia walikuwa na nini. Chuo Kikuu cha Nairobi kina timu yake, Mean Machine, iliyotwaa Kombe la Kenya mwaka 1977 mbele ya klabu za watu wazima. Strathmore wana Leos, Kenyatta wana Blak Blad, Makerere ya Uganda wana Impis. Uingereza kuna Chuo cha Hartpury, huko Gloucestershire, ambako kijana wa miaka 17 anaukuta mchezo ndani ya ratiba ya siku, kama anavyoikuta hesabu. Huko mwalimu wa darasani na mwalimu wa uwanjani wanakunywa chai kwenye jengo moja. Siku ya mtihani ikigongana na siku ya mechi, wao ndio wanaozungumza.

Wewe wa Masanze huna jengo hilo. Mwalimu wako wa chuo na kocha wako hawajuani hata kwa sura. Kwa hiyo kazi inayofanywa na ofisi nzima kule Hartpury, huku utaifanya wewe, kwa daftari moja na kalamu.

Hatua ya pili: Hesabu saa kabla hujasema huna muda

Wiki ina saa 168. Chukua karatasi tuzigawe.

Usingizi wa saa 8 kila usiku ni saa 56. Vipindi na karakana, tuseme saa 35. Kujisomea saa 2 kwa siku ni 14. Mazoezi na mechi, 14. Kula, kuoga, kufua na kutembea kutoka hapa kwenda pale, saa 3 kwa siku, ni 21. Jumla ni 140. Zimebaki saa 28, yaani saa 4 kila siku, kwa ajili ya ibada, kumsaidia mama, kukaa na rafiki na kushika simu.

Rudia hesabu hii kwa saa zako mwenyewe. Ukikuta zile 28 zimeyeyuka, shuku simu kabla ya kushuku raga. Anayesema "muda sina" huku anajua kila klipu iliyotoka jana, muda alikuwa nao.

Ila hesabu hii inatufundisha jambo jingine kubwa zaidi. Kama saa zinatosha, mbona wengi wanaanguka? Kwa sababu saa hazigombani kwa wingi. Zinagombana kwa tarehe. Mtihani wa vitendo umepangwa Jumamosi, na mechi ya mchujo ni Jumamosi hiyohiyo. Kambi ya wiki mbili imeangukia wiki ya kukusanya kazi za darasani. Hapo hata ungekuwa na saa 40 za ziada hazikusaidii, kwa sababu zote ziko Jumanne.

Dawa ya tarehe ni moja, na mababu zetu waliijua kabla ya kalenda ya ukutani.

Hatua ya tatu: Aga mapema

Mtu aliyelelewa haondoki kwa watu bila kuaga. Mchezaji mwanafunzi anapaswa kuwa bingwa wa kuaga. Muda wa mazoezi hauibwi, huombwa, na huombwa kwa mwenye nao kabla siku yenyewe haijafika.

Wiki ya kwanza ya muhula, andika kwenye ukurasa mmoja tarehe zote za chuo: majaribio, mitihani, mafunzo kwa vitendo. Ukurasa unaoukabili, andika tarehe za raga: mazoezi, mechi, mchujo, kambi. Zinapogongana, zungushia wino mwekundu. Kisha vaa nadhifu uende ofisini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini mbona mapema hivi?"

"Mwalimu, nimekuja kuomba. Wiki ya 7 nina mchujo wa timu ya vijana Dar es Salaam, Ijumaa na Jumamosi. Naona jaribio letu liko Ijumaa ileile. Naomba kama naweza kulifanya Jumatano, kabla ya wenzangu. Barua ya kocha hii hapa."

Angalia alivyosema. Ametaja siku. Ameleta barua. Ameomba kulifanya kabla ya wenzake, wala hajaomba kusamehewa. Mwalimu anayeombwa wiki sita mbele ana nafasi ya kufikiri. Mwalimu anayeombwa Alhamisi jioni, na mtu aliyekwisha kata tiketi, ana nafasi ya kukasirika tu. Na akikataa, hujapoteza kitu: una wiki sita za kumweleza kocha.

Kocha naye aga. Vijana wengi humficha kocha mtihani kwa kuogopa kuonekana wavivu, kisha wanakuja mazoezini na macho mekundu, wanadondosha kila mpira. Mwambie: "Kocha, wiki mbili zijazo nina mitihani, naomba mazoezi mepesi." Kocha anayekufaa atakupunguzia. Anayekwambia uache mtihani kwa ajili ya mazoezi ya Jumanne hakutakii mema, na nakushauri utafute mwingine.

Sasa nyumbani. Kwa Wasagara, Wavidunda na Wakaguru, wenyeji wa Kilosa, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno lenye uzito. Usimruke mjomba. Mvua za masika zinapoanza, mikono yote inahitajika shambani, nawe ndiye mwenye mabega. Nenda mapema umwambie: "Mjomba, palizi ya kwanza niko nanyi siku zote. Ya pili nina kambi." Mjomba aliyeagwa atakutetea mbele ya ukoo. Aliyeshtukizwa atakumbusha habari hiyo kila msiba na kila harusi.

Hatua ya nne: Funga mpira wako

Uwanja ulio karibu nawe una magoli ya soka na mbuzi wawili. Anzia raga hapohapo. Mpira wa raga una uzito wa gramu 410 hadi 460, chini kidogo ya nusu kilo. Kusanya matambara, yakunje yawe marefu katikati na yenye ncha huku na huku, kisha yafunge kwa kamba ya katani. Kilosa ni wilaya ya mashamba ya mkonge, kamba haikupi shida. Mwombe mwenye duka akupimie kwenye mizani yake, upunguze au uongeze tambara mpaka sindano ikae pale.

Mpira huo hautadunda wala hautafaa kupigwa teke. Utafaa kwa jambo linalokula muda mrefu zaidi wa kujifunza: pasi. Kwenye raga hairuhusiwi kumrushia mwenzako aliye mbele yako kwa mkono. Unakimbia mbele, unatoa nyuma. Simama na mwenzio umbali wa hatua tano, mrushiane pasi 100 kwa mkono wa kulia na 100 kwa wa kushoto kila jioni. Mkono wako dhaifu ndio wenye njaa, ulishe zaidi.

Ukikimbia alfajiri, subiri kupambazuke na uambatane na mwenzio. Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu 1964, na tembo hawasomi mabango ya mpaka. Kwenye barabara kuu ya Mikumi usikimbie gizani hata siku moja, malori ni mengi.

Hatua ya tano: Jifunze kukaba kabla hujakabwa

Hapa sitaki mzaha hata chembe. Kijana mwenye nguvu asiyejua kukaba, yaani kumshika na kumwangusha mwenye mpira, ni hatari kwake mwenyewe kuliko kwa mpinzani.

Anza ukiwa umepiga magoti, ukilikaba gunia lililojaa pumba za mpunga, kwenye nyasi. Macho yatazame kiunoni pa unayemkaba, maana kiuno hakidanganyi. Kichwa na mabega ndivyo vinavyohadaa. Kidevu kiwe juu, mgongo unyooke. Bega liguse paja. Kichwa kikae pembeni au nyuma ya mtu, shavu ligandame kwenye paja lake, kisije mbele ya magoti. Halafu mikono izunguke na kufunga kama unavyolifunga tita la kuni. Miguu iendelee kusukuma. Mwenzio ataanguka, nawe utaanguka juu yake, kichwa chako kikiwa salama. Kukaba juu ya mabega ni kosa, na kuna siku kunavunja shingo ya mtu.

Rudia mara 20 kwa gunia, mara 20 kwa mwenzio anayetembea, na usiende kwa anayekimbia mpaka mwalimu aridhike. Sheria za kimataifa zenyewe zinamlinda kijana: mechi ya walio chini ya miaka 19 haizidi dakika 70, badala ya 80 za watu wazima, na kwenye skramu, yaani wachezaji wa mbele wanapofungamana kusukumana, timu hairuhusiwi kusukuma zaidi ya mita 1.5. Waliotunga sheria hizo walijua shingo ya miaka 17 bado inakua. Ukialikwa kucheza na watu wazima kwa sababu "una mwili", kumbuka hilo.

Nunua kinga ya meno kabla ya jezi. Njumu utazipata mtumba, siku ya gulio, kwa bei ya kuelewana. Meno hayapo guliani.

Hatua ya sita: Kichwa kikigongwa, darasani kwanza

Ukigongwa kichwa ukaona nyota, ukasahau mmefungana ngapi, ukahisi kichefuchefu au ukayumba, umetoka. Hurudi mechi hiyo, hata kama umebaki peke yako wa kufunga. Mtu akuangalie usiku huo, na ukitapika au kichwa kikazidi kuuma, upelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Siku mbili za mwanzo ni za kupumzika mwili na ubongo, pamoja na kuiweka simu chini. Kisha kurudi ni kwa ngazi, na ngazi ya kwanza ni darasani. Ukiweza kusoma kurasa kumi bila kichwa kuuma, ukakaa kipindi kizima bila kizunguzungu, ndipo uanze kutembea, kisha kukimbia, kisha pasi, na kukabana kuje mwisho kwa ruhusa ya daktari. Ubongo unaoutumia kukokotoa umeme wa nyaya tatu ndio huohuo uliogongwa. Hauna wa akiba.

Hatua ya saba: Kula na kulala kama mtu mwenye kazi mbili

Huhitaji unga wa kopo wenye picha ya mtu aliyevimba. Baadhi ya vitu hivyo vina dawa zilizopigwa marufuku michezoni, na kufungiwa kwa kutojua ni kufungiwa vilevile. Kilosa inalima mpunga, mahindi, mbaazi na alizeti. Ugali mkubwa na maharage mengi, dagaa, karanga mfukoni, ndizi kabla ya mazoezi, mayai mawili asubuhi mfuko ukiruhusu. Mwambie mama lishe wako kwamba unafanya mazoezi. Mama lishe akishajua, kijiko cha maharage kinaongezeka bila kuandikwa popote.

Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, likitoka, kabla ya viatu vya kutokea, toa fedha ya chakula ya mwezi mzima uiweke mbali. Mwanafunzi anayekula kuku wiki ya kwanza na chai kavu wiki ya nne hawezi skramu, na mtihani pia hauwezi.

Lala saa 3 usiku, amka saa 11 alfajiri. Hizo ni saa 8. Saa moja na nusu za alfajiri, kichwa kikiwa kimepoa, zina thamani kuliko nne za usiku wa manane baada ya mazoezi. Kesha kwa raga na kesha kwa kitabu haviwezi kukaa katika mwili mmoja. Msuli unajengwa usingizini, na somo nalo linatulia kichwani usingizini.

Hatua ya nane: Ujue mlango uko wapi

Raga Tanzania imekaa mijini. Dar es Salaam kuna Leopards, Arusha kuna Rhinos. Tangu 2024 treni ya SGR inapita Kilosa ikienda Dar es Salaam na Dodoma, na safari iliyokuwa ya kumaliza siku njiani imekuwa ya saa chache. Itumie kwa mpango: safari moja kwa mwezi kwenda kufanya mazoezi na klabu, na kitabu begini, kwa sababu treni haina mbuzi wa kukutazama wala mjomba wa kukutuma. Siku zilizobaki ni wewe, mwenzio, tambara na katani.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, chuo cha Nairobi au Kampala chenye timu yake kitakudai vitu viwili: alama za kukuingiza na mchezo wa kukubakiza. Alama ndizo zinazoangaliwa kwanza. Kijana mwenye kasi ya ajabu aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, hana chuo cha kuichezea timu yake.

Hatua ya tisa: Ruhusu miaka iongezeke

Sasa turudi kwa Jamie Roberts na miaka yake 8. Kwetu, kuchelewa kumaliza chuo kunaonekana aibu. Jirani anauliza "bado tu?" na mama anajibu kwa sauti ya chini. Lakini kuna kuchelewa kwa sapu za uzembe, yaani mitihani ya kurudia, na kuna kuchelewa kulikopangwa, chuo kikijua, nyumbani wakijua, na karatasi ikiwa na muhuri. Kama chuo chako kinaruhusu kuahirisha muhula kwa maandishi, na timu ya taifa imekuita kweli, uliza utaratibu, jaza fomu, na kama una mkopo ujue kwanza utaathirikaje. Kupotea mtaani miezi mitatu kisha kurudi na hadithi hakuitwi kuahirisha.

Na siku ikija ukalazimika kuchagua kimoja, chagua cheti. Nasema hivi nikiupenda mchezo. Goti likikatika Jumamosi, Jumatatu fundi umeme bado ni fundi umeme. Timu ya mwakani itakuwa na mchujo mwingine. Mtihani uliokimbiwa bila kuaga unakufuata.

Neno kwa wenye vyuo

Wakuu wa vyuo vya Kilosa na Morogoro, kijana huyu atakuja ofisini kwenu na daftari lenye miduara myekundu. Msimwambie achague kabla hamjatazama tarehe. Nyingi zinasogezeka kwa siku mbili, na siku mbili hizo hazimgharimu mtu chochote ila saini. Kwenye bonanza lenu la mwaka, wekeni nusu saa ya raga ya kugusana, isiyo na kukabana, wavulana na wasichana pamoja. Inahitaji mpira mmoja na kiwanja cha soka mlichonacho tayari.

Nawe kijana, tarehe ya mtihani wako wa mwisho wa muhula imeshapangwa, na ya mchujo nayo kuna mtu anaijua. Kaziulize zote mbili wiki hii, uziandike kwenye kurasa zinazotazamana, kisha ukamuage mwalimu kabla hujafunga kamba za njumu.